Kahawa ya Saa Nane Usiku

Mhakiki wa kwanza alimmwagia sifa mpaka Zenebech akaona haya kuzisoma. Makala safi, alisema, takwimu zimepangika, hitimisho limesimama imara, ichapishwe hata kesho. Mhakiki wa pili naye alianza kwa adabu zake. Akasahihisha jina la kisayansi la nyoka mmoja, akauliza hili na lile kuhusu dawa, kisha mwisho kabisa, kama mtu aliyekwisha kuaga halafu akarudi mlangoni kuchukua mwavuli wake, akaandika hivi:

"Ukurasa wa saba. Mwandishi anasema mama huyu aliumwa na nyoka saa nane usiku, akiwa nyuma ya nyumba anaokota kuni za kukaangia wageni buni. Ningependa kujua ni nyumba gani hiyo inayokaangia wageni buni saa nane usiku. Wageni hao hawakuwa na kwao?"

Zenebech alisoma, akarudia kusoma, damu ikampanda kichwani.

Jarida lilikuwa la ng'ambo, lenye heshima zake, na mhariri wake alikuwa mama mmoja wa Uswidi ambaye Zenebech hakuwahi kumwona ila kwa maandishi. Naye aliandika kwa upole kwamba swali hilo la mwisho asilitilie maanani sana. Akipenda, aufute mfano wa yule mama wa kuni, arekebishe yale madogo mengine, na makala itapita. Kufuta sentensi moja tu! Mtu mwenye akili zake angeifuta hapo hapo, akaenda zake kula.

Lakini Dk. Zenebech Dalke hakuwa mtu wa kuchekwa akanyamaza. Alifundisha afya ya jamii katika chuo kimoja hapa Arba Minch, na makala hiyo ilikuwa imemtoa jasho. Alizunguka zahanati zote za kule bondeni, karibu na ziwa, kwenye mashamba ya ndizi na pamba, akikusanya habari za watu walioumwa na nyoka: nani, wapi, saa ngapi. Akaziingiza kwenye kompyuta pamoja na mwenzake Kassahun, na kompyuta ikawajibu bila kusita. Watu wa bondeni wanaumwa zaidi usiku wa manane hadi alfajiri, yaani wakiwa wamelala chini kwenye mikeka. Kwa hiyo wapewe vitanda vya juu. Wakubwa wa afya wa mkoa walikuwa wamekwisha kulisikia hilo na wamelipenda, maana kitanda ni kitu kinachoonekana kwenye picha. Walichosubiri ni muhuri wa jarida. Na pale chuoni, jalada lake la kupandishwa cheo lilikuwa linasubiri muhuri huo huo.

"Huyu ni Habtewold," alisema Zenebech, akaisukuma kompyuta kama sahani ya chakula kilichochacha.

Kassahun, kijana mrefu aliyekuwa amepata mtoto majuzi na bado anatembea kama mtu aliyenyimwa usingizi, aliinama akasoma. Akaanza kucheka, kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha.

"Umejuaje ni yeye, dada?"

"Nani mwingine ana ulimi huo? 'Hawakuwa na kwao?' Hiyo ni sauti yake kabisa. Namsikia mpaka anavyokohoa mwisho wa sentensi!"

Habari ya Profesa Habtewold wote pale idarani waliijua. Zamani ndiye aliyemfundisha Zenebech kazi. Waliwakamata nyoka pamoja, walikula mchuzi wa shiro kutoka sinia moja wakiwa na tope hadi magotini, na makala yao ya kwanza waliiandika pamoja, neno kwa neno. Ilipotoka, ilikuwa na jina la Habtewold na majina ya watu wawili ambao hawakuwahi hata kumwona nyoka hai. La Zenebech halikuwemo. Alipouliza, profesa alimjibu kwamba ni makosa ya mchapishaji. Tangu siku hiyo Zenebech hakumsalimia tena. Na sisi huku tunaosalimiana mpaka chai inapoa, tukauliza habari za ng'ombe na za jirani wa ng'ombe, kumpita mtu bila salamu ni kumzika angali hai.

"Mhakiki ni siri," Kassahun alisema. Kisha akashusha sauti, ingawa ofisini walikuwa wawili tu. "Lakini nina rafiki yangu aliyesoma na msaidizi wa yule mhariri. Nikimwandikia ujumbe mmoja, kesho asubuhi tuna jina."

Zenebech alimtazama. Nisikufiche, alitaka. Alitaka jina hilo kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji. "Nitakuambia kesho," alisema, akafunga kompyuta, akaenda nyumbani na hasira zake.

Nyumbani aliishi na dada yake mkubwa, Aselefech, mjane mwenye mzaha usiokwisha na mkono wenye baraka kwenye kahawa. Zenebech alikaa kibarazani, jua likazama nyuma ya milima, akawa anaandika kichwani jibu la kumkata mhakiki maini. Angemweleza kwamba watu wa bondeni wana desturi zao. Angemwambia kwamba mwanasayansi haulizi wageni wana kwao ama hawana, anapokea takwimu kama zilivyo. Harufu ya buni ikaanza kutoka ndani. Jirani mmoja akaingia bila kubisha, na mwingine, kama ilivyo kila jioni.

"We daktari!" Aselefech aliita. "Utakunywa na watu au utakunywa na huyo unayegombana naye peke yako hapo nje?"

"Nakuja. Saa ngapi kwani?"

"Saa mbili. Saa ya kahawa, kwani kahawa ina saa nyingine?"

Zenebech alikuwa amekwisha kunyanyuka. Alibaki vivyo hivyo, nusu amesimama, mkono kwenye kiti.

Saa mbili.

Wewe unayesoma umekwisha kucheka, najua. Sisi, kama ninyi, tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza na tunaanza tena linapozama, kama watu wenye akili timamu. Kompyuta inaanza kuhesabu katikati ya usiku, watu wamelala, haijulikani inamhesabia nani. Muuguzi wa zahanati aliandika "2 usiku", akimaanisha saa ambayo kila mama wa nchi hii yuko mbele ya mkaa anageuza buni. Zenebech na Kassahun wakaipa kompyuta 2, usiku, nayo ikaelewa yake: saa nane. Mkulima aliyeumwa saa nne asubuhi akipalilia pamba, wakampa 4, asubuhi, na kompyuta ikamlaza kwenye mkeka wake kabla ya alfajiri. Wote hao, mmoja mmoja, waliondolewa mashambani na nyuani mwao wakalazwa usingizi kwa nguvu.

Na kinachoshangaza ni kwamba Zenebech alizijua saa zote mbili vizuri. Kila siku alizibadili, akipanga mikutano na watu wa ng'ambo, bila kukosea. Lakini makala aliiandika kwa Kiingereza, na alipokuwa ndani ya Kiingereza saa zake zilikuwa za Kiingereza, hata "saa nane usiku" haikumshtua. Yale mambo mawili yalikaa kichwani mwake kama nyumba mbili za majirani wasiosalimiana.

"Zeni? Umeumwa?" Aselefech alichungulia mlangoni na dele mkononi.

"Mama wa watu alikuwa na kitanda," Zenebech alisema.

"Mama gani?"

"Amarech. Yule wa kuni, aliyekatwa mguu. Nilikaa naye kitandani kwake nikimhoji. Kitanda kizuri, cha mbao, cha juu hivi. Nilikaa juu yake, dada! Na nikaandika kwamba angekuwa na kitanda asingeumwa."

Aselefech hakuelewa hata chembe, lakini alimwona mdogo wake analia, akaweka dele chini.

Kesho yake Zenebech alifika ofisini kabla ya Kassahun. Alikuwa amezipanga upya saa za zahanati mbili, na picha ilikuwa imegeuka juu chini. Nyoka wa bondeni hawakuwa wanawafuata watu vitandani. Waliwauma jioni, giza likiingia, watu wakienda kuchota maji na kuokota kuni bila viatu wala tochi, na asubuhi, mashambani. Waliwauma watu waliosimama kwa miguu yao.

Kassahun alisikiliza mpaka mwisho. Akakaa chini polepole.

"Basi tufute mfano," alisema.

"Nini?"

"Tufute mfano wa Amarech, dada. Mhariri mwenyewe kasema. Makala itoke, halafu baadaye, taratibu, tutatoa nyingine yenye saa sahihi. Watu wanafanya hivyo kila siku."

"Na vitanda?"

"Kitanda hakijamuua mtu."

"Pesa ya vitanda ndiyo pesa ya tochi na viatu, Kassahun. Hawana mifuko miwili. Wakishanunua vitanda watakuambia nyoka tumekwisha kuwashughulikia."

"Sawa, najua, najua!" Alijishika kichwa. "Lakini na mimi nina mtoto. Mkataba wangu unakwisha, na jalada lako wanalisoma mwezi ujao. Ukiwaambia wale watu kwamba tulishindwa kusoma saa... saa, dada! Watatucheka mpaka Addis Ababa. Watasema hawa wa kusini hata saa hawajui."

Yote hayo Zenebech aliyajua, na usiku kucha alikuwa ameyapigia hesabu. Alikuwa na umri ambao cheo kikikupita hakigeuki kukutafuta. Na alijua kwamba ile sentensi ikifutwa hakuna atakayegundua, si mhariri wala wakubwa wa afya. Labda mtu mmoja tu, asiyejulikana, aliyekuwa amesoma ukurasa wa saba kwa makini kuliko mwenyewe aliyeuandika. Mtu huyo hakulipwa hata birr moja. Aliiacha kazi yake akakaa na kazi ya mwingine, akamfuata Amarech mpaka nyuma ya nyumba, akajiuliza huyu mama anafanya nini huku saa hizi. Mhakiki wa kwanza alimsifu Zenebech asimwone Amarech kabisa. Huyu wa pili alimwona.

"Aliuliza swali zuri," alisema mwishowe. "Mimi nilikesha na hasira kwa sababu ya mtu aliyeuliza swali zuri. Siwezi kumjibu kwa kufuta."

Kassahun akavuta kiti karibu na meza.

"Basi andika. Lakini usiandike 'nilikosea'. Andika 'tulikosea'. Nusu ya zahanati niliziingiza mimi."

"Si lazima, mdogo wangu. Fomu ya maswali niliitunga mimi, ndiyo iliyouliza saa bila kuuliza saa za nani."

"Andika 'tulikosea' au nakwenda zangu."

Miaka mingi baadaye Zenebech alikuwa akisimulia habari hii na kila akifika hapo alikuwa anamshukuru Kassahun kwa jina, mbele ya watu, mpaka Kassahun anaomba ruhusa ya kutoka nje.

Wakaandika. Waliomba makala iondolewe kwenye foleni ya kuchapishwa, wakaeleza kosa lilivyokuwa bila kona kona, wakasema hawajui kazi ya kuzibadili saa zote itachukua muda gani. Siku hiyo hiyo Zenebech alikwenda kwa wakubwa wa afya, akawaambia wasinunue kitanda hata kimoja. Mmoja alikasirika, akamwuliza kama chuo hakina saa ya ukutani. Alimeza hilo. Jalada lake lilisomwa bila makala, likarudishwa rafuni.

Kazi ikawachukua kiangazi chote. Walirudi zahanati moja baada ya nyingine, wakakaa na wauguzi, na makala mpya ikaenda ng'ambo ikiwa na mapendekezo mapya: tochi, viatu vya mpira, na kuni ziokotwe mapema jua lingali juu. Mhariri aliirudisha kwa mhakiki yule yule wa pili. Jibu lake lilikuwa fupi kuliko yote ambayo Zenebech amewahi kupata:

"Sasa kahawa imekaangwa kwa saa yake. Sina swali. Nawapa hongera waandishi, maana najua walichofanya kina gharama."

Zenebech aliyasoma maneno hayo akiwa amesimama, akatoka nje, akazunguka jengo lote la idara bila kujua anakwenda wapi. Furaha ilimzidi. Aliporudi alimkuta Kassahun anamngoja, macho yanacheka.

"Yule rafiki yangu bado yupo," alisema. "Sasa si kwa ubaya, ni kwa shukrani. Nimwulize? Umpelekee japo kilo ya buni."

Safari hii Zenebech alitamani zaidi kuliko ile ya kwanza. Alifikiri, kisha akatikisa kichwa.

"Aliuliza vile kwa sababu alijua sitamjua. Tukimtafuta leo kwa buni, kesho mwingine atatafutwa kwa rungu, halafu nani atauliza tena? Mwache. Nitamshukuru gizani."

Katika makala, chini kabisa, waliweka mstari wa kumshukuru mhakiki asiyejulikana aliyeuliza kuhusu kahawa. Mhariri wa Uswidi aliuliza kama mstari huo una makosa ya lugha. Walimjibu hauna.

Lakini shukrani ni kitu kigumu kukaa nacho bila kukitua, na isitoshe anayehusika hakuwa mbali. Swali lile lisingeweza kuulizwa na mtu wa Ulaya. Lilitoka kwa mtu aliyelelewa karibu na mkaa wa jioni, na watu wa nchi hii wanaosoma makala za sumu ya nyoka si wengi. Kila mwaka wanakutana Addis Ababa na wanaenea kwenye meza moja. Mwaka ule Zenebech alipoingia ukumbini na kuwaona wamekaa wote, alisimama mlangoni. Yeyote kati yao angeweza kuwa yeye. Yule mama mnene wa maabara ambaye siku zote Zenebech alimwona wa majivuno. Yule daktari wa Gondar anayejichekea mwenyewe. Mzee mstaafu anayesinzia kila baada ya chakula. Na kule mwisho wa meza, peke yake, Habtewold, amezeeka, anakohoa.

Akawasalimia wote. Kwa Habtewold alisita kidogo tu, kisha akampa mkono na kumwuliza hali. Mzee alishtuka akaangusha miwani.

Jioni yake, kwenye nyumba ya wageni walikofikia, Zenebech aliomba jiko la mkaa, akatandika majani sakafuni, akatia ubani, akaanza kukaanga buni mwenyewe. Bisi na shayiri ya kukaanga alizinunua dukani. Harufu ikawatoa watu vyumbani.

"Daktari, kuna harusi?" aliuliza yule wa Gondar.

"Kaeni. Kuna mtu alinisaidia. Labda yupo hapa, labda hayupo. Simjui na sitaki kumjua. Kwa hiyo mtakunywa wote."

Makala yake walikuwa wameisoma, na ule mstari wa mwisho pia. Wakaangua kicheko.

"Ni mimi huyo!" yule wa Gondar alipiga kelele. "Nipe vikombe viwili!"

"Muongo mkubwa, ni mimi!" alisema mama wa maabara, na mzee mstaafu naye akaamka akasema ni yeye, ingawa hakuwa amesikia inazungumzwa habari gani.

Habtewold alikuwa amesimama karibu na mlango, koti mkononi, kama mtu aliyekuwa anapita tu. Zenebech alimimina kikombe akampelekea pale pale alipo.

"Zenebech," alisema kwa sauti ndogo. "Na kama si mimi?"

"Kunywa, Profesa."

"Unajua nilichokufanyia."

"Najua. Lakini aliyenisaidia hana jina. Nikimnyima mmoja wenu, pengine nimemnyima yeye. Kunywa, itapoa."

Alikipokea kwa mikono miwili. Alikunywa cha kwanza amesimama, na cha pili kwenye ukingo wa kiti, miguu imeelekea mlangoni. Kilipoletwa cha tatu, kile ambacho sisi tunakiita baraka, koti lake lilikuwa limetundikwa ukutani na amekaa katikati ya watu.

"Jina lako halikufutwa na mchapishaji," alisema, macho yake yakiwa ndani ya kikombe. "Nililifuta mimi. Nitawaandikia wale wa jarida kesho, walirudishe."

Zenebech akachukua kijiko akamtilia sukari, akamtilia tena, nyingi kupita kiasi, na mzee akainywa vivyo hivyo mpaka mwisho.